Urithi Mikononi mwa Fundi

Mzazi akifariki, shamba hupimwa, ng'ombe huhesabiwa, na wazee wa ukoo huketi kuamua haki ya kila mtoto. Lakini hubaki vitu vidogo visivyogawanyika: saa ya mkono, jembe lililochakaa, cherehani, kiti cha uvivu kilichokaa barazani miaka arobaini. Thamani yake sokoni ni haba, na pengine hakuna. Hata hivyo twajua sote kwamba ndugu waliogawana ekari kwa amani wameweza kununiana mwaka mzima kwa ajili ya kiti. Basi twataka leo kulitazama swali moja: aliyeachiwa kitu cha kale, je, ana ruhusa ya kukibadili ili kimfae, au yampasa kukitunza vile vile alivyokipokea?

Tuchukue mfano kutoka Igowole, katika wilaya ya Mufindi. Nchi ile ni ya ukungu na baridi, nchi ya chai na misitu ya misindano, na maji yake ni ya baridi pia. Ndiyo maana wageni wa zamani za ukoloni waliona yafaa kutia humo trauti, samaki asiye mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Jirani zetu wa Kenya walitangulia kumpokea: mwaka 1905 mayai yake yaliletwa kutoka Scotland na kutiwa mitoni. Pamoja na samaki vilikuja vyombo vya kumvulia, yaani fimbo nyembamba, mishipi, ndoana, na lile gurudumu la mshipi ambalo wengine huliita rili.

Tuseme basi kwamba mzee mmoja, aliyefanya kazi maisha yake yote katika mashamba ya chai, alipewa gurudumu la namna hiyo na bwana mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ni la shaba, zito, la sahani mbili na ngoma katikati ya kuzungushia mshipi. Mzee akalitumia bwawani jioni za Jumamosi mpaka nguvu zikamwishia. Sasa amefariki, naye ameacha wana wawili. Mkubwa yupo Igowole katika nyumba ya baba. Mdogo ni mwalimu huko Kyela, na siku za mapumziko hupenda kuvua ufukoni mwa Ziwa Nyasa, pale Matema, chini ya milima ya Livingstone. Mdogo aomba gurudumu, na asema wazi kwamba atalipeleka kwa fundi likabadilishwe. Mkubwa akataa. “Mdogo wangu,” amwambia, “kitu cha marehemu hakikatwi.”

Kabla ya kuhukumu, yafaa tuelewe kwa nini mdogo ataka mabadiliko, maana si tamaa ya mambo mapya tu. Katika mto au bwawa dogo la Mufindi mvuvi hahitaji kutupa mbali, na gurudumu kazi yake kubwa ni kushika mshipi na kuurudisha. Ufukoni mambo ni mengine. Huko mtu husimama mchangani na kurusha chubwi mbali kupita mawimbi. Ngoma ya shaba hukawia kuanza kuzunguka, na ikishaanza hukawia kusimama. Chubwi likianguka majini mshipi hulegea, lakini ngoma ingali inazunguka, na mara mshipi wote umefungamana. Kidole gumba kilichozoea chaweza kuizuia, lakini ni ufundi wa kujifunza kwa muda mrefu, na tena kwa kuumia.

Shida hii ni ya kale, na dawa yake ni ya kale pia. Mwaka 1884 Peter Malloch wa mji wa Perth, huko Scotland, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake: gurudumu linalogeuzwa ubavu. Wakati wa kurusha, mvuvi huligeuza upande, nao mshipi huteleza ukingoni mwa ngoma bila ngoma yenyewe kuzunguka. Chubwi likishatua, huligeuza tena na kuzungusha kama kawaida. Njia hiyo hiyo ilifuatwa huko Australia na Charles Alvey, aliyeanza kutengeneza magurudumu mjini Brisbane mwaka 1920, na wavuvi wa fukwe za nchi ile wakayapenda mno. Lina kasoro yake, kwa kuwa kila mzingo unaotoka ubavuni huusokota mshipi kidogo, hata hapana budi kufunga kiungo kinachozunguka karibu na ndoana. Lakini kazi hufanyika. Hiki ndicho atakacho mdogo: kuondoa mguu wa zamani ulioshika gurudumu kwenye fimbo, na kuweka mguu mpya wenye egemeo la kugeukia.

Je, likishabadilishwa hivyo litakuwa bado gurudumu la baba? Wenye hekima wa Ugiriki ya kale waliuliza jambo hili juu ya merikebu ya shujaa Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kubadili mbao zilizooza, moja baada ya moja. Nasi hatuna haja ya kwenda Ugiriki. Kila mkulima wa Nyanda za Juu ana jembe la babu lililotiwa mpini mpya mara tano, na bado huliita jembe la babu.

Au tutazame Ziwa Tanganyika. Meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Ilibadilika jina, bendera na moyo wake wa chuma, na bado watu wa kando ya ziwa lile waliijua kuwa ni meli ile ile. Kwa nini? Kwa sababu iliendelea na kazi yake ya kuvusha watu na mizigo katika maji yale yale, na kwa sababu kila badiliko lilifanywa ili kazi hiyo isikome.

Hapa twapata kanuni ya kwanza. Chombo kimeumbwa kwa kazi, na heshima ya chombo ni kazi yake. Gurudumu lililofungiwa sandukuni mpaka likaliwa na kutu ya kijani halimheshimu mzee aliyelipaka mafuta kila Jumamosi. Kwa jambo hili mdogo ana haki.

Lakini haki yake ina mpaka. Yako matendo yanayoweza kurudishwa nyuma, na yako yasiyoweza. Fundi akifungua skrubu, akautoa mguu wa zamani, akafunga mpya katika matundu yale yale, basi siku yoyote mtoto au mjukuu aweza kuurudisha. Akitia msumeno, au akitoboa sahani matundu mapya, amewaamulia wote watakaokuja baadaye, nao hawakuwapo kusema neno. Mrithi si mwenye mali wa mwisho. Ni mmoja katika safu ndefu ya watu. Kwa hiyo twasema: badili kwa skrubu, usibadili kwa msumeno. Kikihitajika kipande kipya, na kikerezwe kipya. Cha zamani kifungwe katika kitambaa na kuwekwa.

Na hapa yatupasa kumgeukia kaka mkubwa, maana wengi watadhani yeye hana lawama. Watu wa namna yake, kwa nia njema kabisa, hukichukua kitu cha marehemu wakakisugua kwa mchanga na majivu hata king'ae, kisha wakakiweka kabatini wageni wakione. Hawakubadili kitu, wasema. Lakini mchanga umekula herufi za aliyekiunda, umefuta alama ya kidole gumba iliyochimbika ukingoni kwa miaka mingi, umeondoa mkwaruzo ambao baba aliutia kwa kisu ili ajue kipimo cha mshipi wake. Hayo hayarudishwi na fundi yeyote duniani. Hata wale wanaokusanya vyombo vya kale kwa fedha huthamini zaidi kitu chenye rangi yake ya uzee kuliko kilichong'arishwa. Basi aliyehifadhi kwa kusugua amepoteza zaidi kuliko aliyebadili kwa skrubu! Heshima isiyo na maarifa yaweza kuharibu kama dharau.

Usafi unaofaa ni wa polepole. Vipande hufunguliwa kwa bisibisi iliyoenea sawasawa katika mfuo wa skrubu, hupangwa juu ya kitambaa kwa taratibu vilivyotoka, hulowekwa katika mafuta ya taa na kupigwa brashi laini. Ekseli hupakwa mafuta mepesi, na kijisahani cha mlio na springi yake hupata grisi kidogo tu. Kazi hiyo huchukua jioni nzima, nayo humfundisha mrithi tabia ya aliyekitunza kabla yake: mahali alipokaza mno, mahali alipotia ukanda wa ngozi kwa kukosa kipuri. Mtu hajui alichoachiwa mpaka amekifungua.

Kanuni ya tatu ni ukweli. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kilichobadilishwa na kiandikwe: mwaka, jina la fundi, kipande gani kilitoka na kiko wapi. Likija kuuzwa, mnunuzi aambiwe wazi. Kutia mguu mpya si kosa. Kutia mguu mpya na kuuza gurudumu kwa bei ya lile lisiloguswa ni wizi, hata kama shaba yang'aa.

Ya nne ni ridhaa. Mdogo asichukue kwa ujanja, wala mkubwa asizuie kwa ukubwa tu. Na waketi pamoja kabla fundi hajaitwa, kwa maana baada ya kazi majadiliano hugeuka kuwa mashtaka. Pengine watapatana kwamba gurudumu liende Kyela na mguu wa zamani ubaki Igowole, na hivyo kila mmoja ashike sehemu ya baba yao. Tena matumizi yenyewe yawe ya haki. Katika Ziwa Nyasa yuko mbasa, ambaye hupanda mitoni kuzaa. Kumvizia midomoni mwa mito wakati huo ni kula mbegu. Chombo cha mtu mwema kisitumiwe kwa kazi ambayo yeye angeionea haya.

Tulitaja meli ya Liemba, nayo ina jambo moja tena la kutufundisha. Mafundi Wajerumani walioizamisha mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi nene kabla ya kuiacha ishuke chini. Vita ilikuwa imewaelemea, hawakujua ni nani atakayeiibua, na huenda angekuwa adui, ndivyo ilivyotokea. Hata hivyo walimfikiria fundi atakayekuja. Wazazi wa nyumba zetu na warithi wao na wafanye vivyo hivyo kwa vitu vilivyo mikononi mwao: wavitumie bila hofu, wavitengeneze bila haraka, na wasifanye leo lile ambalo mjukuu hataweza kulifungua.