Je, Ni Dharau Kumdai Ndugu Karatasi?

Wapendwa, kuna swali linalorudi kila tunapokutana na wenzetu wanaotoka Qurayyat. Wao husafiri kama kilomita 80 kuja Muscat kusali, mara nyingi Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo siku ambayo bosi humwachia mtu nafasi, na wakija huja na mazungumzo ya wiki nzima. Swali lenyewe ni hili: mtu wa kwetu akikuletea kazi, je, ni halali kumdai karatasi, au ukimdai umemvunjia heshima?

Linaonekana swali dogo. Sisi tunaliona zito, kwa sababu watu tunaowafahamu ambao wamedhulumiwa na mawakala hawakukosa akili ya kuuliza. Waliona haya.

Tueleze kwanza jambo lilivyo, kwa ajili ya walioko nyumbani wanaosoma hapa. Qurayyat ni mji wa wavuvi na mitende. Una soko lake la samaki, bwawa la Wadi Dayqah liko upande wa milimani, na barabara kuu ya kwenda Sur inapita hapo. Watu wanajenga, wanapiga rangi, wanachimba visima, wanatafuta wa kusafisha nyumba kwa saa. Mahali penye vibarua vya namna hiyo ndipo wakala anapoweza kuiuza ile inayoitwa frii viza.

Tuseme ni fundi wa vigae, kutoka Mwanza, Mombasa au Kampala. Wakala anamwambia: wewe hutakuwa na bosi. Kafili atakusainia tu, utampa chake kila mwezi, kisha utakuwa mkandarasi wako mwenyewe, leo nyumba hii, kesho ile, bei unapanga wewe. Kwa mtu aliyechoka kuamrishwa, maneno hayo ni matamu kuliko mshahara. Analipa. Mwingine ameuza kiwanja, mwingine amekopa kwenye kikoba cha mke wake.

Akifika anakuta kafili ni jina tu kwenye bataka. Anapata nyumba ya kwanza, anatandika vigae vyumba vyote, na mwenye nyumba anamwambia apite wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa hivyo hivyo. Hapo ndipo fundi wetu anapoanza kujua alichonunua. Sheria za Oman haziruhusu mgeni kumfanyia kazi mtu asiye na kibali cha kumwajiri. Akienda kushtaki, kabla hajamaliza kueleza deni lake atakuwa amekwisha kueleza kosa lake. Na ada ya mwezi ikichelewa, kafili anaweza kuripoti kwamba mfanyakazi wake ametoroka, na anayetafutwa kwa kutoroka hawezi hata kupanda gari la abiria bila moyo kumdunda. Aliuziwa uhuru, naye sasa ni mtu pekee pale mjini asiyeweza kumdai mtu yeyote.

Kwa dada zetu wa kazi za ndani hila ni ya namna nyingine. Mkataba unasainiwa nyumbani ukiwa na mshahara mmoja, na huku unatokea mwingine, kwa Kiarabu, wenye mshahara mdogo zaidi. Haya hatuyasemi kwa uvumi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50. Humo yamo mishahara iliyopunguzwa au kutolipwa kabisa, pasipoti zilizochukuliwa, kazi ya kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane, na wanaotaka kuondoka kuambiwa warudishe kwanza gharama za kuletwa. Ripoti ya mwaka uliotangulia, iliyohusu Oman peke yake, iliitwa kwa neno ambalo wafanyakazi wenyewe walilitumia: niliuzwa.

Sasa, nani aliwauza? Tunapenda kumfikiria wakala kama mgeni mwenye miwani myeusi. Mara nyingi sivyo. Anasema Kiswahili chetu, anamjua mjomba, anauliza hali ya mama kabla ya kutaja viza. Wengine husali nasi au na makanisa jirani, wengine huswali msikitini na majirani zetu. Na hiyo ndiyo bidhaa yake. Kazi yenyewe haimiliki, viza yenyewe haitoi yeye. Anachoweza kuuza ni ule ukaribu unaomfanya mtu aone haya kuuliza.

Kiswahili kina neno la zamani linalotusaidia hapa. Wazee wetu wa Tanga waliwaita manamba wale walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge wa Tanganyika waliunda ofisi ya kuwakusanya, ikaitwa SILABU, na watu walitolewa Songea, Kigoma na hata Ruanda-Urundi. Kabla yake walikuwapo mawakala binafsi waliowapelekea wenye mashamba watu kwa bei ya kichwa. Tunalikumbuka neno hilo kwa sababu ya jambo moja tu: anayelipwa kwa kichwa, kazi yake inaisha mtu anapofika. Akiumwa, akipunjwa, akilia, hayo hayamo katika hesabu ya wakala. Si lazima awe na roho mbaya. Namna anavyolipwa inamfundisha kutoangalia nyuma.

Ndiyo maana tunaamini swali la kwanza la kumuuliza wakala, awe ndugu au mgeni, ni hili: wewe unalipwa na nani, na lini? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 kuhusu mawakala binafsi wa ajira, namba 181, unasema kimsingi wakala asimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Walioandika hivyo hawakuwa watu wa kanisa, lakini walikuwa wamekiona kile ambacho kila mama wa kikoba anakijua: ukimlipa mtu kabla ya kazi, umeshamaliza kumlipa.

Wapo wanaotujibu, na jibu lao tusilipuuze. Wanasema: bila hao mawakala tungekuwa bado tunakaa barazani. Nyumba ya Mbagala imeezekwa kwa pesa ya Qurayyat, watoto wako shule, na aliyenileta alinitoza, ndiyo, lakini alinileta. Tena wanasema fundi wa frii viza hakudanganywa, alijua kabisa kwamba njia ile si halali, akaichagua. Mtu mzima akichagua, wakala ana kosa gani?

Nusu ya hoja hii tunaikubali. Kuunganisha watu na kazi ni huduma halali na inastahili malipo, na wako mawakala wenye leseni wanaoifanya kwa uaminifu. Na ni kweli kwamba mtu akiambiwa hatari yote kisha akakubali, sehemu ya mzigo ni yake. Lakini angalia lile wakala alilonyamazia. Hakusema uongo hata mmoja: kweli utafanya kazi popote, kweli kafili atasaini, kweli bei utapanga. Alichoacha ni sentensi moja, kwamba ukidhulumiwa hutakuwa na pa kusemea. Sentensi hiyo ndiyo ingebadilisha uamuzi, naye aliijua, na kwa kuijua ndiyo maana aliiacha. Kwetu sisi huo ni uongo, hata kama kila neno lililotamkwa lilikuwa kweli. Kukubali kwa mtu asiyeambiwa ni kukubali kitu kingine.

Wasomaji wa Biblia watamkumbuka Yakobo kwa mjomba wake Labani. Tunamtaja kwa sababu alikuwa hasa mtu wa namna hii: mgeni, asiye na mali, anayefanya kazi kwa makubaliano ya mdomo na jamaa yake. Alifanya kazi miaka 7 kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea, na baadaye akalalamika kwamba mshahara wake umebadilishwa mara 10. Labani alipompokea alimkumbatia na kumbusu, akamwita mfupa wake na nyama yake. Hatudhani kukumbatia kule kulikuwa kwa uongo. Mtu anaweza kukupenda jioni na kukupunja asubuhi, na ndiyo sababu baadaye wale wawili walirundika mawe mlimani na kuyafanya shahidi kati yao. Ilikuwa ndiyo karatasi ya siku zile.

Basi tunarudi kwenye heshima. Katika malezi yetu, kumwambia shemeji “nionyeshe mkataba” ni kama kumwambia mwizi. Malezi hayo ni mazuri mezani na msibani. Lakini adabu ya kutouliza iliwekwa ili kumlinda mnyonge asiaibishwe, na katika jambo hili inamlinda mwenye nguvu. Shemeji mwaminifu akidaiwa karatasi atapata usumbufu wa nusu saa. Msichana asipoidai anaweza kupoteza miaka miwili. Hatuoni namna ya kuipima mizani hiyo ikaegemea upande wa shemeji. Tena tumegundua kwamba mwenye karatasi hakasiriki. Anaitoa.

Na karatasi gani? Jina la mwajiri na mahali alipo, maana “Muscat” inaweza kuwa shamba nyuma ya Qurayyat ambako hakuna jirani wa kumpungia mkono. Mshahara kwa rial, si kwa “utaona mwenyewe”. Kazi iliyoandikwa kwenye viza iwe ile utakayoifanya. Mkataba upite ubalozini kabla ya safari, na nakala ibaki kwa mzazi. Kwa walioko huku tayari: tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba wake hahitaji tena barua ya ruhusa ya mwajiri wa zamani ili kuhamia kwa mwingine, na sheria ya kazi ya 2023 inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi bila idhini yake ya maandishi. Wa kazi za ndani wana kanuni zao za pekee, kwa hiyo waulize ubalozini kabla ya kujitegemeza kwenye maneno ya ofisi iliyowaleta.

Lakini upande mgumu zaidi ni wetu sisi tuliokwisha kufika. Simu inalia: shangazi, nitafutie viza. Ofisi nayo inaahidi rial kadhaa kwa kila utakayemleta. Hapo mtu anaanza kama shangazi na kumaliza kama dalali, na hakuna siku anayoweza kuinyoshea kidole akasema, ni hapa nilipobadilika. Tumependekeza kipimo kimoja: je, unaweza kumtajia mama yake msichana kiasi ulichopokea? Kama unaweza, chukua, ni jasho lako. Kama kinywa kinakuwa kizito, basi ile pesa tayari ni ya jambo jingine.

Kipimo hicho kilitukuta hapa hapa kwetu. Dada mmoja wa Qurayyat, mtu wa kuheshimiwa, ameleta watu wanne kupitia ofisi fulani. Watatu wanaendelea vizuri. Wa nne hajalipwa kwa miezi kadhaa, na familia yake inataka jina la huyo dada lisomwe mbele ya kanisa. Wazee wamekaa naye mara mbili. Ameonyesha alichopokea, amekubali kukirudisha kwa familia, naye ndiye aliyekwenda na binti huyo ubalozini, kwa kuwa anaifahamu nyumba. Jina halitasomwa maadamu anafanya hivyo, lakini jina la ofisi ile tunalitoa kwa simu kwa yeyote anayeuliza, na tumewapigia walioko nyumbani waliokuwa wakijiandaa kuja kwa njia hiyo hiyo.

Wazee wawili hawakuridhika. Mmoja anasema tumemwachia mapema mno, mwingine anasema kutaja ofisi bila kumtaja mtu ni kujificha. Tumewaomba waandike, na maneno yao yatatoka hapa Jumapili ijayo.