Subira Si Mshahara wa Muuguzi

Tumepokea barua ya binti yetu mmoja, mzaliwa wa huku pwani, ambaye ni muuguzi katika zahanati moja huko Kitengela. Atuarifu kuwa kazi yake ni kuwasikiliza vijana walioshikwa na maradhi ya akili: huyu hapati usingizi, yule amejifungia chumbani tangu alipokosa kazi, mwingine amejaribu kujitoa roho. Jioni arudipo nyumbani hulia, wala hajui aliliacho. Alipomweleza mkubwa wake wa kazi, aliambiwa avute subira. Na mama yake akamwambia vivyo hivyo. Basi atuuliza: Je, kulia kwangu ni upungufu wa imani?

Twamjibu: La. Mtume (S.A.W.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na hapana aliyemzidi kwa imani. Lakini swali lake limetufungulia swali jingine, nalo latuhusu sisi: Je, tunayo haki ya kumwamrisha mtu asubiri chini ya mzigo ambao sisi ndio tuliomtwika?

Kitengela iko kando ya njia itokayo Nairobi kwenda Namanga, katika kaunti ya Kajiado. Zamani palikuwa malisho ya Wamasai. Leo ni mji wa nyumba za kupanga, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo zaidi ya watu 150,000. Wazazi wengi huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi au katika viwanda vya Athi River, wakarudi usiku. Na watoto wetu wa pwani nao huenda huko kutafuta riziki. Basi asiseme mtu kuwa hayo ni mambo ya bara.

Uchunguzi uliotangazwa nchini Kenya mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika vijana wa miaka 10 hadi 17, yapata mmoja katika kila wanane ana maradhi ya akili. Mwaka huo huo sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kuwatibu wagonjwa hawa karibu na kwao, isiwe lazima kila mmoja apelekwe Mathari, hospitali iliyoanza Nairobi tangu mwaka 1910. Sheria ni njema. Lakini sheria haiketi ikamsikiliza kijana. Aketiye ni mtu mwenye nyama na damu.

Na sisi twafanyaje? Kijana akiugua twasema ana pepo, twamzungusha kwa waganga, hata fedha zikiisha ndipo twamfikisha kwa muuguzi, hali maradhi yameshaota mizizi. Wengine humwambia: Sali tu, utapona. Sala ni nguzo ya dini wala hatuipunguzi. Lakini Mtume ametuamrisha tujitibu, wala hakuyatoa maradhi ya akili katika amri hiyo. Kisha muuguzi akichoka, twamwambia: Subiri, utapata thawabu. Tazameni, ndugu zetu, jinsi tulivyoyageuza maneno ya dini kuwa mlango wa kuukimbia wajibu! Mgonjwa twamnyima dawa kwa jina la sala, na muuguzi twamnyima mapumziko kwa jina la subira.

Subira ni fadhila ya mwenye kubeba, naye huitoa mwenyewe kwa Mola wake. Asiyebeba kitu hana haki ya kuidai kwa mwenziwe.

Huenda mtu akasema: Kazi aliichagua mwenyewe, na mshahara anapata. Twajibu: mshahara ni badala ya kazi yake, si bei ya afya yake. Salman alipomkuta Abu Dardaa amejichosha kwa ibada, alimkumbusha kuwa nafsi yake nayo ina haki juu yake. Na Mtume akasema kuwa Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuila haki ya nafsi, itakuwaje kazi ya zahanati? Mwaka 2024 magazeti ya nchi yetu yalileta habari za madaktari vijana, waliokuwa katika mwaka wao wa mazoezi, waliojiua. Je, nao tuwaambie walikosa subira?

Kuuguza wagonjwa ni fardhi kifaya: wakisimama wenye kutosha, wengine husamehewa. Neno zito hapo ni *kutosha*. Muuguzi mmoja mbele ya foleni isiyokwisha hatoshi, na maadamu hatoshi, dhambi ingali shingoni mwetu sote.

Wazee wetu katika Uislamu walilijua hili. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, ambamo wagonjwa wa akili pia walitibiwa, wakfu wake haukutaja dawa na chakula tu, bali na ujira wa waganga na wahudumu.

Basi twawanasihi wazazi wamfikishe kijana hospitali mapema, bila haya na bila pingu. Twawanasihi wakubwa wa Kajiado, na wa Mombasa pia, waongeze wauguzi, wawape zamu za haki, na wawawekee mtu wa kuwasikiliza wao. Na jamaa zetu wenye mali waukumbuke wakfu.

Nawe binti yetu, pumzika bila kuona haya, na ukihitaji matibabu, tafuta. Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na awahifadhi wanaowauguza. Amin.