Usimdharau Kiwavi

Mkatekumeni mmoja wa Goma alimcheka jirani mlevi aliyeanza kufika mafundishoni: «Huyo atageuka lini?» Asubuhi moja, katika bustani yake penye mawe meusi ya mlima Nyiragongo, mama huyo aliona kiumbe kikielea mbele ya ua, mabawa yakivuma. Akadhani ni ndege, yule chozi. Kumbe kina miguu sita, na mrija mwembamba badala ya mdomo: ni nondo!

Katekista akamwambia: «Mama, huyo alikuwa kiwavi, mla majani, ambaye ungemponda kwa kisigino. Akakaa ndani ya ganda kama mfu kaburini, kisha akatoka na mabawa. Hivyo katika Ubatizo mtu wa kale huzikwa pamoja na Kristo, na mtu mpya hufufuka.»

Mama akanyamaza. Jumapili alimpitia jirani, wakaenda pamoja. Basi mkatekumeni asimkatie tamaa mwenzake.