Mashine na Mwenye Ndugu

Zamani mkandarasi aliyetaka zabuni ya Serikali aliandika maombi yake, akayatia katika bahasha, akayatumbukiza katika sanduku la zabuni. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 bahasha haina tena kazi. Sharti apite katika mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, uliochukua mahali pa ule wa awali, TANePS. Na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeukaza wajibu huo.

Twapenda kuwauliza wasomaji wetu: kampuni yenye rafiki mkubwa katika siasa huipokea mashine kwa moyo gani? Wako wasemao ya kuwa ndiyo hutangulia wengine, kwa sababu husikia habari mapema na hupata mkopo bila taabu. Huenda ni kweli. Lakini kununua kompyuta si kujifunza kazi. Mwenye ndugu ofisini hununua ili aonekane ametii. Kwake mashine ni pazia. Fundi wa Kongwa au Manyoni, asiyemjua mtu hata mmoja mjini Dodoma, kwake ni dirisha pekee: aiona zabuni saa ile ile aionapo mwana wa mkubwa. Hilo si jambo dogo, na waliolifanya wastahili sifa.

Hata hivyo tusidanganyane. Mashine hupokea masharti ya zabuni kama yalivyoandikwa. Haiulizi yaliandikwa na nani, wala baada ya mazungumzo gani ya jioni. Yakiwa yamekatwa kama kanzu kwa kipimo cha mtu mmoja, itawakataa wengine wote bila hasira na bila aibu. Naye aliyeshinda atasema, “Nimevunja kanuni gani? Nimeomba kama wengine.” Kwa kanuni pengine hana hatia. Lakini alijua kanzu ni yake kabla ya wengine kuchanga nauli, akanyamaza. Kimya hicho twakiita wizi, ingawa hakuna daftari litakalokionyesha. (Na rafiki akiangushwa katika uchaguzi, kampuni itabaki na kompyuta nyingi na makarani wasiojua kukadiria gharama ya darasa moja.)

Wakati huo fundi wa Kongwa amemlipa kijana wa steshenari ampandishie nyaraka. Mtandao umekatika. Amekaa kwenye benchi akiungoja, na nyumbani watoto wangoja ada.