Upepo Huo Unamwadhibu Nani?



Tangu dhoruba ya juzi iling'oe maturubai, maneno ni mengi hapa kambini: fulani ameezuliwa kwa sababu ya dhambi yake. Hebu tutazame juu kidogo. Mwaka 2005 wataalamu waligundua sayari inayozunguka nyota nyingine, si jua letu, wakaiita HD 189733 b. Rangi yake ni buluu, ungedhani ni bahari. Kumbe joto lake linakaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi, upepo unavuma kilomita 8,700 hivi kwa saa, na wanasayansi wanadhani mvua yake ni chembe za kioo zinazorushwa kwa ubavu. Hakuna mtu awezaye kuishi huko. Basi upepo huo unamwadhibu nani?

Someni Ayubu 38: Mungu hunyesha mvua hata nyikani pasipo watu. Tena katika Luka 13, Yesu anakataa kwamba wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walizidi wengine kwa dhambi. Kwa hiyo tuacheni kumsema yule mama mjane aliyeezuliwa. Watoto wake wanalala kwa jirani. Jumamosi saa mbili asubuhi, mwenye kamba au misumari aje nayo.