Nani Atangulie kwenye Randa

Mashine ya kuranda ninayoisimamia Keko ni moja, wenye mbao ni wengi. Chukua asubuhi ya kawaida. Katangulia fundi wa vitanda na rundo la mninga, kazi ya dakika 180. Anafuata mwenye kazi ya dakika 20, kisha kijana aliyekumbatia ubao mmoja, dakika 10. Nikifuata foleni, watatoka dakika ya 180, ya 200 na ya 210. Jumlisha, ni dakika 590. Nikianza na kazi fupi, watatoka dakika ya 10, ya 30 na ya 210. Jumla 250, na fundi wa vitanda kacheleweshwa nusu saa tu.

Mwaka 1956 W. E. Smith alithibitisha kwamba, kazi zote zikiwa zimeshafika, hakuna mpango unaoishinda jumla hiyo. Na kama kungoja kwa watu hakulingani uzito, gawanya uzito wa kila mmoja kwa muda wa kazi yake; mwenye jibu kubwa atangulie. Sawa, ila uzito nani anaupima? Jeneza kwangu halipangi foleni, hilo halina mjadala. Lakini madawati ya shule na kabati la bibi harusi?

Mimi ni mzee wa kanisa, na mafundi hunichokoza kwa Mathayo 20, mfano wa vibarua walioajiriwa shambani kwa saa tofauti. Wahubiri wengi hukomea kwenye ujira: wa saa kumi na moja jioni kapata dinari moja sawa na wa alfajiri. Mimi hunasa kwenye foleni ya malipo. Mwenye shamba aliagiza waanze na wa mwisho. Wa alfajiri wangelipwa kwanza, wangeenda zao bila kuona kitu wala kunung'unika. Hawakudhulumiwa hata senti, ila walisimamishwa wakatazama. Fundi wa vitanda naye anatazama. Nusu saa ile ni yake, na nikimruka bila kumwuliza, mimi ndiye nitakayekuwa nimeitoa sadaka.

Tena mbao moja moja zikizidi kuletwa, atakaa mpaka jioni. Watunga programu za kompyuta wanaujua ugonjwa huu. Mifumo yao mingi huipandisha cheo kazi kadiri inavyosubiri. Hapo nawaunga mkono, maana aliyengoja ana dai hata kama kazi yake ni ndefu. Kwangu mtu harukwi mara mbili, na hata hiyo moja namwomba kwanza. Wengi husema, "Mpishe tu, Mzee." Juzi mmoja alikataa, akakalia mninga wake. Nikawasha mashine, nikaanza naye.