Ile Sauti Ilikuwa Yangu?



Mwaka huu kabla ya Kwaresima nilirekodi wimbo wa katikati nyumbani ili wanakwaya wenzangu wajifunzie. Blanketi dirishani, godoro ukutani, maikrofoni ya bei rahisi, laptopu. Nikawasha programu inayorekebisha sauti papo hapo. Unaiambia wimbo uko ufunguo gani, unaimba, nayo inaivuta kila noti uliyokosea hadi noti sahihi iliyo karibu. Masikioni unajisikia tayari umeshanyooshwa. Jamani, ni raha! Niliimba mara mbili tu, nikatuma kwenye grupu la WhatsApp.

Aliyetengeneza Auto-Tune, iliyotoka mwaka 1997, ni Andy Hildebrand, mhandisi aliyewahi kutumia mawimbi ya sauti kutafutia mafuta ardhini. Mwaka uliofuata Cher akatoa "Believe", dunia ikaisikia sauti ile ya roboti. Lakini ukiipunguza kasi ya kurekebisha, hakuna anayegundua. Mimi niliipunguza.

Sasa, je, huo ni uongo? Nilijitetea sana. Spika nazo si zinakuza sauti? Kinanda si kinatufichia makosa? Hata jirani mwenye besi nzuri anakuvuta. Utetezi huo bado naona una uzito. Rekodi ya mazoezi si Misa. Kwenye liturujia kwenyewe Kanisa lilishalizungumzia: mwongozo wa Vatikani wa mwaka 1958 ulikataza gramafoni na tepu kuchukua nafasi ya waimbaji. Nyumbani kwangu hakukuwa na altare.

Tofauti niliiona baadaye. Ukisimama karibu na yule wa besi, wewe ndiye unayesikia umekosea, unamfuata. Programu inakufuata wewe, na husikii kosa. Tena ukiteleza mbali mno inakupeleka kwenye noti ya jirani, bila aibu yoyote. Baada ya wiki tatu za kuimba hivyo, nilisimama kanisani bila hedifoni nikashuka kwenye "la" kama mtu aliyekosa ngazi. Mwalimu wa kwaya akanitazama tu.

Hilo lilikuwa langu mwenyewe, ningelibeba. Kilichoniumiza ni dada mmoja wa sauti ya kwanza. Kabla ya Jumapili ile alikuwa ameniuliza, "Kaka, unafanyaje mpaka huteleziki?" Nikamjibu, "Mazoezi tu, dada." Wiki hiyohiyo akamwambia mwalimu asimpangie tena kusolo, kwamba yeye hana kipaji. Alikuwa amejipima kwa sauti ambayo hata mimi sikuwa nayo.

Basi nikaacha kuuliza kama programu ni dhambi. Wasikilizaji wengi wanajua rekodi hurekebishwa, na sidhani kama studio zinamdanganya mtu kwa hilo. Ila huyu aliuliza, tena kwa sababu alihitaji ukweli ili ajue afanye nini na sauti aliyopewa na Mungu. Amri ya Nane niliivunja kwa maneno matatu, hedifoni zikiwa mezani.

Nikataka kumtumia rekodi halisi, ile isiyonyooshwa. Haikuwepo! Programu hizi zina njia mbili: usikie sauti iliyorekebishwa huku laptopu ikihifadhi ile mbichi, au uhifadhi iliyorekebishwa moja kwa moja. Mimi nilichagua ya pili, kwa uvivu. Sauti yangu ya siku ile imepotea.

Ilibidi nitundike blanketi upya. Nikaimba bila msaada, jogoo wa jirani akasikika ubeti wa pili, nikaacha hivyohivyo. Nikamtumia, na chini nikaandika nilivyofanya mara ya kwanza na kwamba nilimdanganya. Alikaa kimya siku mbili. Zilikuwa ndefu, nisiwafiche.

Siku ya tatu akajibu: "Nimesikia. Kwenye 'la' unashuka, kaka. Mimi pia hapohapo ndipo ninaposhuka. Jumamosi njoo mapema kabla ya mazoezi."